Muuza spea aliyeniambia "plagi ni plagi" ataziua injini zetu zote

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Yule bwana wa spea ambaye kila mwenye lori la zamani humu ndani anamfahamu, na ambaye kwa hiyo sina haja ya kumtaja, leo amenitazama usoni mbele ya wateja wengine akaniambia: "Plagi ni plagi." Nilikuwa nimemwekea mezani plagi ya zamani, yaani kile kifaa cha kurusha cheche ndani ya silinda, ili aone hesi yake (nyuzi za kufungia, kama za skrubu) inaishia wapi. Hakuipima. Aliitupia jicho, akachomoa nyingine kwenye boksi, akazishika pamoja kiganjani, kisha akatamka maneno hayo kwa sauti ambayo nadhani hata viziwi waliisikia.

Injini yangu ni ya petroli, ina silinda sita, kabureta na platini (ile swichi inayokata umeme wa koili ili cheche iruke), na kichwa chake cha chuma, yaani kifuniko cha silinda, kinataka plagi yenye hesi ya upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 12.7. Alizonipa zina upana uleule, ndiyo maana ziliingia vizuri, lakini urefu wake ni milimita 19. Maana yake ni kwamba zaidi ya milimita 6 za chuma zilitokeza ndani ya chumba cha mwako, mahali ambapo pistoni hufika. Injini iligonga mara tu ilipozungushwa. Nilipoifungua plagi ya kwanza, ncha yake ya pembeni ilikuwa imebanwa hadi ikagusana na ya katikati, na nafasi ya cheche haikuwapo tena. Hata pale pistoni isipoifikia, hesi iliyotokeza hupata joto kali kiasi cha kuweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, huvaa masizi, na siku ya kuifungua hutoka ikiwa imechana hesi ya kichwa.

Nilimrudishia ile iliyopinda. Unajua alisema nini? Kwamba injini yangu ni ya zamani na imechoka, na kwamba, narudia, plagi ni plagi! Mtu huyu angekuuzia hata msumari wa paa mradi uenee kwenye tundu. Kitabu cha injini kinataja upana wa hesi, urefu wake, namna plagi inavyokaa kichwani kwa washa (kile kiringi bapa) au kwa koni (mteremko usio na washa), kiwango cha joto, na nafasi ya cheche. Hakuuliza hata jambo moja kati ya hayo. Alinitazama usoni, akasema plagi ni plagi.

Dereva wa Mzigo: Pole, mkuu, lakini uzi wako ni mrefu kuliko hizo plagi zenyewe. Ungezipima kwa rula kabla ya kulipa, leo tungekuwa tumelala.

Mzee wa Kabureta: Mwacheni aseme, kwa sababu bwana huyohuyo aliniapia kwamba namba kubwa maana yake ni plagi ya moto zaidi, yaani ile ambayo ncha yake hubaki na joto zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kweli, lakini kwa NGK na Denso mambo ni kinyume, namba inavyopanda ndivyo plagi inavyokuwa baridi. Injini yangu inakula oili, nikamwomba ya moto kidogo, akanipa NGK ya namba kubwa. Ncha ya plagi hujisafisha ikifika nyuzijoto 450 au 500 hivi za Selsiasi, na yangu haikuwahi kufika huko, kwa hiyo zote zilitoka nyeusi tii, zimelowa, na injini inamisi, yaani inaruka mwako.

Spana Namba Kumi: Mzee wangu, kwa heshima zote, plagi ya moto haijawahi kuponya ringi za pistoni zilizokwisha. Ukizidisha, ncha itapita nyuzijoto 800 na mafuta yatajiwasha yenyewe kabla ya cheche. Fungua injini ubadilishe ringi, usimsingizie muuzaji.

Mzee wa Kabureta: Kijana, ringi nimeziulizia kwake pia. Hilo lina malalamiko yake peke yake.

Mwanzisha uzi: Naomba tubaki kwenye mada. Alisema plagi ni plagi, tena mbele za watu.

Mama Lori: Afadhali wewe, ndugu yangu. Mimi aliniuzia za iridiamu akidai kwamba lori litafufuka. Sifa kubwa ya iridiamu ni kudumu, na kwa mfumo wa platini plagi ya kawaida ya nikeli yenye kiini cha shaba inatosha kabisa. Zilikuwa na nafasi ya milimita 1.1, inayofaa mifumo ya kielektroniki yenye koili kali, ilhali kitabu changu kinasema 0.8. Lori likiwa tupu liliwaka vizuri, lakini likibeba mzigo mlimani lilimisi, kwa kuwa shinikizo ndani ya silinda hupanda na koili ya zamani haina nguvu ya kurusha cheche kwenye nafasi pana namna hiyo.

Spana Namba Kumi: Dada, je, kondensa (ile inayolinda platini) uliiangalia? Na waya za plagi?

Mama Lori: Waya ni mpya. Kondensa nayo ilitoka kwake.

Dereva wa Mzigo: Mimi simlaumu muuzaji, namlaumu fundi anayekaza plagi hadi kauri inapasuka. Plagi mpya ya washa hukazwa kwa mkono hadi ikae, kisha nusu ya mzunguko kwa spana au theluthi mbili, basi.

Mzee wa Kabureta: Na ya koni je? Yangu ilikazwa vivyo hivyo, na sasa haifunguki.

Dereva wa Mzigo: Ya koni ni moja ya kumi na sita tu ya mzunguko, mzee. Nani alikukazia?