Helmeti ya baiskeli inarudi kisogoni

Swali: Wakuu, helmeti inateleza kurudi kisogoni nikiinamia usukani. Nikaze zaidi ukanda wa kidevuni?

Jibu: Usianzie kidevuni. Ivae ikae sawa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Zungusha kitufe cha nyuma mpaka ishike bila kuuma. Kisha sogeza vibanio vya pembeni, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio kama herufi V. Mkanda wa mbele ukilegea, ndio unaoiachia irudi nyuma. Kidevuni malizia, kidole kimoja kipite.

Jibu: Sahihi mkuu. Kagua pia foma ya ndani, lile povu gumu chini ya ganda. Ikiwa na ufa au imebonyea, usiivae tena hata kama ganda linang'aa. Foma hupunguza kishindo kwa kupondeka, na ikishapondeka hairudi.

Jibu: Glavu pia, jamani! Mtu akianguka hutanguliza viganja.