Nimelipia apatimenti Dar kwa milioni 230, sasa wanaziuza 178. Nifanyeje?

Mama_Ngamiani:
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, naandika huku roho haijatulia kwa hiyo mtanisamehe nikichanganya mambo.

Tuliuza shamba la michungwa la marehemu baba kule Muheza tukagawana, na fungu langu nikaapa halitaishia kwenye matumizi ya nyumbani. Binti yangu anasoma Muhimbili na kodi ya chumba pale Upanga ilikuwa inanimaliza, ndo nikasikia kuna ghorofa jipya linajengwa katikati ya mji Dar, floo 14, apatimenti ya vyumba viwili milioni 230. Masharti unatanguliza asilimia 20, asilimia 30 unalipa kwa awamu sita wakati wanajenga, nusu iliyobaki unalipa siku ya kukabidhiwa funguo. Nikatoa milioni 46, nikachagua floo ya 9, na mpaka leo nimeshalipa awamu tatu za milioni 11 na nusu. Jumla milioni 80 na laki tano zimeshatoka mkononi.

Sasa wiki iliyopita binti kapita pale kakuta bango kubwa limeandikwa BEI MPYA, milioni 178, vyumba viwili vile vile. Kapiga picha kanitumia WhatsApp, sikulala. Nikapiga simu ofisini kwao yule dada wa mauzo akanijibu kwamba hiyo ni ofa ya wateja wapya kwa zile ambazo hazijauzika, sisi tulionunua mwanzo "tulipata nafasi ya kuchagua". Milioni 52 jamani. Kuchagua dirisha ndo milioni 52?

Naomba mnisaidie, naweza kudai na mimi nipewe bei mpya? Nivunje mkataba nirudishiwe hela? Au niendelee tu kulipa? Kaka zangu bado sijawaambia, lile shamba alipanda baba kwa mikono yake, sijui nitaanzia wapi.

Kijana_Pongwe:
Pole sana mama. Miye ningechukua hela yangu leo hii nikarudi nayo nyumbani. Milioni 80 huku Pongwe au Mwambani unapata viwanja vilivyopimwa na chenji ya kuanzia msingi, bandari imeongezwa kina, bomba la mafuta linaishia Chongoleani hapo hapo, watu wanakuja. Ardhi unaikanyaga, ghorofani unanunua hewa.

Wakili_Chumbageni:
Mama shikamoo. Kabla ya kuchukua hela au kuacha hela fungua mkataba wako usome mambo matatu leo usiku.

La kwanza, kipengele cha mnunuzi kujitoa. Mikataba mingi ya namna hii inasema ukijitoa mwenyewe wanakata sehemu ya ulicholipa, wengine wanakata dipoziti yote. Kwa hiyo ushauri wa "chukua hela yako" unaweza kukugharimu kuliko hiyo bei yenyewe. La pili, tarehe ya kukabidhi. Kama imeshapita hapo wao ndo wamevunja mkataba na kikao kinabadilika kabisa, wewe unakuwa mdai. La tatu, kama kuna mahali wameandika kwamba bei ikishuka kwa wengine na wewe utashushiwa. Sitegemei kipo lakini angalia.

Kisheria bei mliyokubaliana ni bei, kushusha kwa mwingine peke yake hakukupi haki ya kudai tofauti. Ila unayo nguvu nyingine, wao wana apatimenti zimelala na wanahitaji hela yako ya awamu kuliko unavyodhani, muuzaji mwenye nyumba tupu hapendi mteja anayelipa vizuri aanze kulalamika mbele ya wateja wapya. Kwa hiyo andika barua, omba kikao. Na tafadhali usiache kulipa awamu kimya kimya kwa hasira maana hapo utakuwa umewapa sababu ya kukufutia.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko bei, hati. Tuna sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, kila apatimenti inaweza kuwa na hati yake. Lakini hizo hati za yuniti zinazaliwa kutoka kwenye hati mama ya kiwanja. Nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue hati mama ina jina la nani na kama ipo rehani benki. Majengo mengi yanajengwa kwa mkopo na hati mama ndo dhamana, si kosa, ila mkopo wa mwendelezaji, yaani huyo anayejenga na kuuza, usipolipwa benki inashika jengo na wewe ulieshika risiti unapanga foleni.

Mhasibu_Mwambani:
Wakili kamaliza upande wake, nije kwenye namba. Dada, kwanza niulize, hiyo 178 ni pamoja na VAT au bado? Nyumba mpya ya kuishi ya kiwango hicho inaingia VAT asilimia 18. Ukiweka 18 juu ya 178 inakuja kama milioni 210. Na ile 230 yako ilikuwa pamoja na VAT? Usilie milioni 52 kabla hujajua.

Pili kama ni ya kupangisha baada ya binti kumaliza, chukua mfano unapata laki tisa kwa mwezi. Mwaka mzima ni milioni 10.8. Toa sevisi chaji, yaani mchango wa kuendesha jengo, tuseme laki na themanini kwa mwezi, inaondoka milioni 2.16. Toa kodi ya zuio ya pango asilimia 10, milioni 1.08. Inabaki kama milioni 7 na nusu, hapo hujatengeneza bomba wala mpangaji hajahama. Kwenye milioni 230 hiyo ni kama asilimia 3.3, kwenye 178 ni 4.2. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikitoa juu ya asilimia 10 na hazina lifti ya kuharibika. Sisemi usinunue, nasema ujue unanunua kwa sababu gani, kama ni binti akae karibu na chuo hiyo ni sababu, kama ni biashara haisimami hata kwa bei ya bango.

Na kwa nini zimelala? Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016 wapangaji wa maofisini wakapungua mjini, huku maghorofa yakaendelea kuota. Wengi walikuwa wanatangaza kwa dola, kanuni za Machi 2025 zikakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kagua na mkataba wako umeandikwa kwa fedha gani.

Bint_Pangani:
Mama miye nimekaa kwenye ghorofa la hivyo hivyo Dar miaka miwili, nilikuwa nimepanga, naomba nikwambie kitu ambacho kwenye broshua hakipo. Usiku nilikuwa nikirudi kazini nahesabu madirisha yenye taa. Floo 12, taa nane. Nyingine zote giza, hazijauzwa au wenyewe wapo nje ya nchi.

Sasa lifti haijui kama nyumba hazijauzwa, inahitaji fundi kila mwezi. Jenereta linataka dizeli. Pampu ya kupandisha maji, mlinzi, taa za ngazi, vyote bili ile ile, lakini wanaochanga ni familia nane. Sevisi chaji ikapanda mara mbili ndani ya mwaka, kisha watu wakagoma kulipa, kisha lifti moja ikazimwa. Jirani yangu wa floo ya 10 alikuwa mjamzito, alipanda zile ngazi mpaka mwezi wa nane, na maji tukawa tunabeba kwa ndoo.

Kwa hiyo swali lako kwao lisiwe bei tu. Waulize ngapi zimeuzwa kweli kweli kati ya zote, na zile ambazo hazijauzwa sevisi chaji yake analipa nani. Kwa sababu mwenye hizo bado ni yeye mwendelezaji basi achangie yeye. Wakuandikie.

Mzee_Raskazone:
Anachosema huyu binti ni kweli tupu. Mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa hapa Tanga mjini tukayaita ya Msajili, 1990 Msajili wa Majumba akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Nimeishi kwenye mojawapo miaka mingi. Ndani kwa mtu safi, marumaru, mapazia. Ngazi na paa la juu havina mwenyewe, paa likivuja wa chini anasema si langu. Mwanangu uliza chama cha wamiliki kitaundwa lini na nani atashika hela.

Kijana_Pongwe:
Nimeelewa hoja ya wakili, nafuta ule ushauri wa kutoa hela haraka. Ila swala la usalama pia, 2013 pale mtaa wa Indira Gandhi lilianguka jengo la ghorofa 16 likiwa bado linajengwa, watu 36 walifariki. Mtu akianza kushusha bei na hela imembana, anabana na wapi pengine? Mama wewe unauza nondo na saruji, peleka fundi unayemwamini akaangalie, na jina la kontrakta likaguliwe kama limesajiliwa bodi ya makandarasi.

Mama_Ngamiani:
Wanangu na kaka zangu Mungu awalipe. Mzee wangu shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilipanda basi Kange alfajiri nikaenda Dar mwenyewe, nimerudi jana.

VAT. Mhasibu, nilikaa pale mapokezi nikalisoma lile bango mpaka chini, kuna maandishi madogo "bei kabla ya VAT". Mkataba wangu 230 ni pamoja na VAT. Kwa hiyo tofauti halisi ni kama milioni 20, si 52. Nilishusha pumzi pale pale, ingawa 20 nayo ni hela.

Kikao wamenipa, meneja mwenyewe. Bei wamekataa kushusha. Wamesema watanipa bure paking na sevisi chaji ya mwaka wa kwanza, nikawaambia muandike, wakaandika. Nilivyouliza ngapi zimeuzwa alizungukazunguka mwisho akasema 19 kati ya 52. Za kwao ambazo hazijauzwa hawana kipengele cha kuzichangia, nimewaambia bila hicho sisaini nyongeza yoyote ya mkataba.

Upekuzi ndo umenivunja miguu. Hati mama ipo rehani benki. Na nusu yangu ya mwisho, milioni 115, nilitegemea kukopa, afisa mikopo kaniambia bila hati ya yuniti iliyo safi hawakopeshi. Kumbe hata nikitaka kumaliza siwezi. Nikamwambia meneja nataka barua ya benki yenu inayosema nikimaliza kulipa wataiachia yuniti yangu, na mpaka ije awamu ya nne naomba isogezwe. Kakubali kusogeza siku 60, kwa maandishi.

Kaka mkubwa nimemwambia usiku wa jana. Alinyamaza muda mrefu kisha akaomba nimtumie mkataba na yeye ausome. Barua ikija niangalie nini?

Wakili_Chumbageni:
Umefanya vizuri sana mama, kuliko wateja wangu wengi. Barua ya benki iwe imeandikwa kwako kwa jina, itaje namba ya hati mama na namba ya yuniti yako ya floo ya 9, kiasi unachotakiwa kukamilisha na akaunti ya kulipia, na iseme benki itaondoa rehani kwenye yuniti hiyo ukishalipa. Ikija imeandikwa "mradi" kwa ujumla bila namba ya yuniti, irudishe. Na hizo siku 60 zihesabu kuanzia tarehe ya barua yao, weka alama kwenye kalenda ya dukani, siku ya 50 kama hujapata kitu nitafute inboksi tuandike nyingine kabla awamu haijaiva.

Mama_Ngamiani:
Nimeweka alama baba. Ahsante.