Mrejesho: Mashine ya kupumulia ya baba imepatikana

Ndugu zangu, niliwauliza kama baba yangu, ambaye hukatika pumzi usingizini, anunuliwe mashine ya kumsukumia hewa kupitia barakoa akiwa amelala, yenye presha moja isiyobadilika au ile inayojirekebisha yenyewe. Nawashukuru kwa dhati kwa ushauri wenu.

Tumechukua inayojirekebisha. Daktari alitueleza kwamba baba hukatika pumzi zaidi anapolala chali, hivyo presha inayomtosha akilalia ubavu haimtoshi akigeuka. Mashine hii hutambua njia ya hewa inapoanza kuziba, hupandisha presha, kisha huishusha taratibu njia ikifunguka. Huweza kufanya kazi kwa presha ya kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji, lakini daktari aliinua kile kiwango cha chini, kwa kuwa kwenye 4 baba alihisi kama anakosa hewa. Sisi wa Nairobi, tulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, tuulize pia kuhusu mwinuko, kwani baadhi ya mashine za zamani hazijirekebishi kulingana na mwinuko, bali hurekebishwa kwa mkono.

Kilichotusumbua hasa ni barakoa. Kwa kuwa baba hulala mdomo wazi, ile ya pua pekee ilipoteza hewa mdomoni hata akaamka koo limekauka, tukahamia inayofunika pua na mdomo. Stima ikipotea tunatumia betri, na tunazima kipasha joto cha maji yanayoipa hewa unyevu, maana hicho hula umeme mwingi.

Kwa sasa tunasubiri daktari asome kumbukumbu za mashine kabla presha haijaguswa tena.