Mtu kala sambusa zangu, kachora mpaka wa Ireland kwa chachandu, halafu mimi ndiye nikaletewa maji

Dereva wa Newry:

Wakuu, naandika hivi mikono inatetemeka. Msiniambie nilale kwanza. Nimelala, nimeamka na hasira zaidi ya nilizolala nazo.

Mnamjua. Yule wa London, wa miwani ya kuning'iniza kifuani, asiyekosa msiba wala harusi na kote huko lazima aombe kipaza sauti. Jina silitaji, mods msihangaike. Jana kaja kwangu huku Newry, Ireland Kaskazini, upande wa Uingereza jirani na mpaka wa Ireland yenyewe, nimempokea kwa heshima zote, mke wangu kakaanga sambusa tangu asubuhi. Sebuleni watu kumi na wawili. Maongezi yakafika kwenye Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, maana Mswahili akishakaa Uingereza miaka kumi anabaki na mada mbili tu, baridi na makaratasi.

Akaanza: Theresa May, waziri mkuu wa wakati ule, alikuwa mlegevu. Angekuwa yeye angegonga meza pale Brussels, wale wa Umoja wa Ulaya wangesaini chai haijapoa. Nikamuuliza kaka, meza ya nani? Baada ya uchaguzi wa 2017 serikali ya yule mama ilikuwa imeegemea wabunge 10 wa DUP, chama cha huku Ireland Kaskazini kisichotaka kutenganishwa na Uingereza. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo maneno ya makubaliano kuhusu mpaka huu yalishaandikwa, DUP wakagoma, akaacha mlo wake na Juncker, mkuu wa Kamisheni ya Ulaya, akaenda kubembelezana na Arlene Foster, kiongozi wa DUP, kwenye simu. Siku ile hakikutoka kitu. Mtu ambaye hata chakula hakumaliza atagonga meza gani?

Hapo ndipo alipochukua sambusa. Akaichovya kwenye chachandu. AKACHORA. Kwenye kitambaa cheupe cha meza alichotoka nacho mke wangu Tanga. Mstari mmoja, umenyooka kama wa rula, kushoto kwenda kulia. "Hapa Uingereza, hapa Ireland, weka kamera, rusha droni, kazi kwisha."

Wakuu, ule mpaka haujawahi kunyooka tangu uzaliwe. Ni karibu kilomita 500, barabara zaidi ya 200 zinaukata, unapita hadi ndani ya mashamba ya watu, ng'ombe kichwa kiko Uingereza mkia uko Ulaya. Kwa mstari wake ule Donegal karibu yote ikawa ya Uingereza! Donegal, ambayo ncha yake pale Malin Head ndiyo kaskazini ya mwisho ya kisiwa kizima, na serikali yake iko Dublin. Kaitwaa kwa sambusa. Ya nyama.

Mimi nasambaza mikate Newry na Dundalk, mji wa ng'ambo, nauvuka huo mpaka kuliko ninavyovuka kizingiti cha bafu langu. Geti hakuna. Utaona tu vibao vya mwendo vinatoka kwenye maili kwenda kilomita, mstari wa ukingo wa barabara unageuka njano, simu inalia kukukaribisha ng'ambo. Basi. Na hiyo "basi" imepatikana baada ya kuzikwa watu kama 3,500 kwenye machafuko ya huku na mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998. Wazee wa huku wanakuonyesha kilima kwa kilima palipokuwa na mnara wa wanajeshi. Simika nguzo ya kamera leo, kesho utaikuta imelala chini. Nikamweleza hivyohivyo, kwa upole, kama mtu mwenye nyumba.

Akageuka. Si kwangu. KWA MKE WANGU:

"Shemeji, hebu mletee mumeo maji. Siasa za kimataifa zimemkaba."

Na maji yakaletwa.

Nasema yakaletwa! Kwenye glasi ya wageni. Na barafu. Watu kumi na wawili wanacheka mpaka wanashikana mabega, mimi nimeduwaa na glasi mkononi kwenye nyumba ninayolipa kodi mimi, mbele yangu Donegal inanuka ukwaju.

Nilitaka kumwambia kwamba hata hao wagonga meza waliishia kulekule. Novemba 2018 Boris Johnson alikwenda Belfast kwenye mkutano wa DUP akawaambia hakuna serikali ya chama chake itakayokubali kuweka mpaka baharini kati ya Uingereza na Ireland Kaskazini. Oktoba 2019, akiwa waziri mkuu, akaukubali mwenyewe, ukaguzi ukahamia bandarini, na ndiyo maana mikate yangu inavuka hadi leo bila kuulizwa. Lakini utaongeaje na barafu mdomoni?

Pweza Mkavu: Nimesoma yote hayo natafuta jibu moja tu. Maji uliyanywa?

Dereva wa Newry: Mkuu, hilo si la msingi.

Pweza Mkavu: Kayanywa.

Kungu Manga: Hii chai. Tupia picha ya kitambaa, bila hivyo uzi haujakamilika.

Mama Wawili: Huyo baba namjua jamani! Alikuja arobaini ya baba mdogo hapa Leeds, akaombwa dua fupi, akatueleza bei ya gesi nusu saa nzima. Ila mdogo wangu, maji hakuleta yeye. Maji kaleta mkeo. Huu uzi ulipaswa uanzie jikoni.

Wakili wa Shetani: Tuwe wakweli, jamaa ana hoja. Mkataba wa May wa kujitoa Ulaya ulikataliwa bungeni Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202. Mkataba mzuri haupigwi namna hiyo.

Dereva wa Newry: Hao 432 walikuwa kitu kimoja? Wengine walitaka kuondoka bila kugeuka nyuma, wengine hawakutaka kuondoka kabisa. Kilichowakutanisha ni kumkataa tu. Hapa Ireland Kaskazini asilimia 55.8 walipiga kura ya kubaki Umoja wa Ulaya 2016, na hakuna aliyewauliza tena.

Pweza Mkavu: Mkuu unakabwa tena. Mleteeni maji.

Bila Koti: Nyie mna mpaka wa chachandu, mimi huku Belfast nina wa bahari. Nimeagiza mbegu za maua Uingereza, duka likanijibu haliuzi kwenu. Tangu makubaliano ya Windsor ya 2023, ya Uingereza na Umoja wa Ulaya, bandarini kuna njia ya kijani kwa mizigo inayobaki huku na njia nyekundu kwa inayoweza kuendelea Ulaya, na pakiti ya maziwa kwenye friji yangu ina lebo kwamba si ya kuuzwa Umoja wa Ulaya. Nakunywa chai yangu kama nimeiiba.

Viza Ngumu: Wote nyie mna pasi za Uingereza, nyamazeni. Mimi nina ya Tanzania na viza ya Uingereza. Dublin ni saa mbili na ushee kwa basi, na bila viza ya Ireland siendi. Geti kweli hakuna. Ila siku basi likisimamishwa, askari anapanda, anapita viti vyote, anakuja kusimama kwangu. Mpaka upo, mkuu. Mimi ndiye huo mpaka.

Kungu Manga: Duh.

Mto Athi: Poleni, lakini sisi Wakenya tushaona makubwa. 2017 vifaranga vyetu 6,400 vilichomwa na Watanzania pale mpakani Namanga. Hata maji havikuletewa.

Gunia la Rukwa: Vifaranga vimeingia bila kibali unalia nini? Nyie 2021 si ndio mlizuia mahindi yetu mkasingizia sumukuvu?

Mto Athi: Kusingizia? Yalipimwa.

Gunia la Rukwa: Yalipimwa na nani, na mwenye kinu?

Dereva wa Newry: Wakuu, turudi kwenye mada. Kanidhalilisha mbele ya watu kumi na wawili.

Mama Wawili: Kitambaa kiloweke kwenye maji baridi, usiku kucha. Ya moto yatakomaza doa.

Gunia la Rukwa: Mahindi ya Sumbawanga hayana sumukuvu. Huo ni wivu.

Mto Athi: Sawa, leta basi. Gunia saa hii linauzwaje hapo Namanga?