Zana za kulinganisha faili za JSON na XML: tumechoka kuletewa fujo na kuambiwa ni tofauti

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natoa ya moyoni.

Kazi yenyewe ni ndogo. Una faili mbili za mipangilio za JSON (namna ya kuandika data kwa jozi za ufunguo na thamani), ya jana na ya leo, unataka kujua nini kimebadilika. Sasa programu iliyoandika ya leo imepanga funguo kwa mfuatano mwingine na kuingiza mistari ndani kwa nafasi nne badala ya mbili. Unaita diff, programu ya kulinganisha faili mbili, terminali inajaa alama za kutoa na kujumlisha toka juu mpaka chini. Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na badiliko moja tu la kweli:

"muda_wa_kusubiri": 30
"muda_wa_kusubiri": 3

Sifuri imedondoka. Wakaguzi wawili makini waliipitia wakairuhusu, na siwalaumu hata chembe, maana hakuna binadamu anayeweza kuiona pale. Ikapanda kwenye seva, maombi yakaanza kukatwa kabla hayajajibiwa.

Msinijie na utetezi wa diff, sina ugomvi nayo. Imezaliwa kwenye maabara ya Bell Labs miaka ya 1970, inalinganisha mistari, na haijawahi kudai kingine. Kwa msimbo na maandishi ya kawaida inafanya kazi yake vizuri sana. Lakini JSON ni mti, data ndani ya data, tawi juu ya tawi. RFC 8259, waraka wa kanuni za JSON, inasema kilichomo ndani ya mabano ya {} ni mkusanyiko usio na mpangilio, na kilichomo ndani ya [] kina mpangilio. XML nayo, namna nyingine ya kuandika data, inayotumia tagi, mfuatano wa sifa ndani ya tagi hauna maana yoyote. Haya yameandikwa, yanajulikana miaka nenda rudi.

Hasira zangu ni kwa wanaotengeneza zana za "kuelewa muundo". Chukua orodha ya seva tatu, kila moja ina "id" yake. Ongeza seva mpya mwanzoni mwa orodha, basi, usiguse kingine. Zana tuliyolazimishwa kuitumia kazini inatoa jibu hili: seva ya kwanza imebadilika id, ya pili imebadilika id, ya tatu imebadilika id, na ya nne imeongezwa. Huo ni uongo! Kilichoongezwa ni cha kwanza, waliobaki wamesogea tu. Inalinganisha kwa namba ya nafasi kisha inajiita inaelewa muundo. Imeelewa nini?

Ukilalamika unajibiwa kwamba kulinganisha miti ni hesabu ngumu. Ni kweli, na ndiyo maana jibu hilo linaniudhi zaidi. Kwa miti yenye mpangilio, watafiti Zhang na Shasha walitoa mbinu yao tangu 1989. Kwa isiyo na mpangilio, kutafuta idadi ndogo kabisa ya mabadiliko ni mzigo ambao mpaka leo hauna njia ya haraka inayojulikana. Lakini nani kaomba hayo? Mimi nakupa ufunguo: kwenye orodha hii, watambue kwa "id". Baada ya hapo ni kupanga wa upande huu na wa upande ule kwa id zao na kuangalia nani yupo na nani hayupo. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Najua kuna watakaoniandikia hii, ya kupitisha faili kwanza kwenye jq, programu ya kusoma na kupanga JSON:

diff <(jq -S . jana.json) <(jq -S . leo.json)

Naitumia kila siku. Inapanga funguo ngazi zote na kusawazisha nafasi, kelele inapungua sana. Orodha haizigusi, na inafanya sawa, maana mpangilio wa orodha huwa na maana. Ila matokeo yanakuja bila anwani. Naona 30 imekuwa 3, lakini ni ya tawi gani? Faili ina "muda_wa_kusubiri" kila kona, na mistari mitatu ya muktadha inayotolewa na diff -u haifiki hata kwa mzazi. Njia ya kuandika anwani ipo tangu 2013, kwenye waraka mwingine wa kanuni, RFC 6901, kitu kama /seva/2/muda_wa_kusubiri. Ingeandikwa hivyo mbele ya kila tofauti, wale wakaguzi wawili wangeiona sifuri ile.

Na walio bado kwenye jq ya kabla ya toleo la 1.7 wakae macho. Namba kamili zinazozidi 9007199254740992 zinakadiriwa. Weka 9007199254740993 upande mmoja na 9007199254740992 upande wa pili, zote zinatoka sawa, na diff inanyamaza kabisa. Kama id zako ni ndefu namna hiyo, umelinganisha hewa.

Lililonichefua kuliko yote ni msimbo wa kutokea, yaani namba ambayo programu inarudisha ikimaliza kazi. Diff ina desturi iliyo wazi: 0 zinafanana, 1 zinatofautiana, 2 kuna hitilafu. Hati zote za ukaguzi wa kiotomatiki zinategemea hilo. Zana yetu hii inarudisha 0 hata ikikuta tofauti. Mbaya zaidi, ukiipa faili iliyokatika katikati, mabano hayajafungwa, haichapishi kitu na inarudisha 0 hiyohiyo. Yaani faili imeharibika na ukaguzi unawaka kijani! Nimepeleka taarifa pamoja na faili za kujaribia, ikafungwa kwa maneno "inafanya kazi kama ilivyokusudiwa". Iliyokusudiwa na nani, kwa faida ya nani?

Mwenye zana ya terminali inayokubali ufunguo tofauti kwa kila orodha, si mmoja kwa faili nzima, aiweke hapa pamoja na amri kamili anayotumia. Na tafadhali, kabla ya kuiweka, ijaribu kwanza kwa faili iliyokatika katikati utuambie imerudisha namba gani.