Wakuu naombeni ushauri, hii salari kepu (kikomo cha jumla ya mishahara ya timu) ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mnaielewaje?

Habari zenu wakuu, mimi shabiki wa Boston Celtics na hii ishu inaniumiza sana. 2024 tumebeba ndoo, kiangazi cha 2025 Jrue Holiday kapelekwa Portland, Kristaps Porzingis kapelekwa Atlanta, sababu kubwa ni hela tu, na staa wetu Jayson Tatum ndo alikuwa katoka kuchanika kano ya kisigino mwezi Mei.

Nilivyoelewa mimi kepu ya msimu wa 2025-26 ni kama dola milioni 154.6 ila timu inaruhusiwa kuivuka ikimbakiza mchezaji wake yenyewe, kwahiyo kinachobana haswa ni ile eproni ya pili, yaani mstari wa juu zaidi wa mishahara wenye adhabu kali, kama milioni 207.8. Ukiipita hiyo umekwisha, huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ukachukua staa mmoja, na drafti yako (nafasi ya kuchagua mchezaji chipukizi) ya raundi ya kwanza ya miaka saba mbele huruhusiwi kuitreidi, yaani kuibadilisha na timu nyingine. Mi naona hiyo inauma kuliko hata kodi yenyewe ambayo timu inalipa ikizidisha mishahara.

Sasa Tatum ana mkataba wa milioni 314 miaka mitano, Jaylen Brown mwenzake naye alisaini wa mpaka milioni 304, hao wawili tu wanakula zaidi ya milioni 100 kwa msimu na kikosi kinataka watu 15.

Mnaofatilia hizi hesabu nishaurini, ungekuwa wewe meneja ungembakiza gadi wetu Derrick White au ungemuuza upate vijana wa bei rahisi? Na nianzie wapi kujifunza kusoma hii mikataba?