Binti wa miaka 8: kupanua taya sasa, au tusubiri waya akifika 12?

MamaSalha, Dar es Salaam
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 8 na miezi 4. Meno ya mbele ya juu yameshabadilika, yamechomoza kidogo na katikati yana mwanya. Kinachonitia wasiwasi ni upande wa kulia: akiuma, magego ya juu yanakaa kwa ndani ya yale ya chini, na kidevu kinahamia kulia. Daktari wa kwanza anataka tumfunge kifaa cha kupanua taya la juu sasa, laki 7, kisha waya akifika miaka 12, milioni 3 nyingine. Wa pili anasema meno ya utoto bado yamejaa mdomoni, nisubiri, la sivyo nitalipa mara mbili kwa kazi moja. Baba yake yuko na huyo wa pili. Waliopitia, nisaidieni, sijalala vizuri wiki nzima.

BabaWawili, Mwanza
Dada, nina vijana wawili, wote meno ya juu yalichomoza sana. Mkubwa tulimwanzisha akiwa na miaka 9: kifaa cha kuvua na kuvaa, kipande cha juu na cha chini, mwaka mmoja na nusu. Alipofika 13 akafungwa waya, miaka 2 tena. Mwishoni alikuwa amechoka mpaka kupiga mswaki tukawa tunagombana. Mdogo tulisubiri hadi 12, tukafanya yote mfululizo, na ukiwatazama leo huwezi kujua nani alitangulia. Kwa hiyo mimi ningesema subiri. Lakini niwe mkweli: mdogo alianguka uwanjani shuleni akiwa na miaka 10, jino la mbele likakatika nusu. Hilo halikurudi.

TabibuWaKinywa
Mama Salha, hapo una mambo matatu, na kila moja lina wakati wake.

Kuchomoza kwanza. Aliyoyaona BabaWawili ndiyo yanayoonekana pia kwenye tafiti. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalilinganisha watoto walioanza mapema na walioanza wakibalehe, na matokeo ya mwisho yalikaribiana sana. Tofauti iliyojitokeza ni kwamba walioanza mapema walivunjika meno ya mbele kwa uchache zaidi. Mtoto ambaye meno yake yametangulia sana na ni wa kukimbiakimbia, hiyo ni sababu ya kutosha kuanza mapema. Kama yamechomoza kidogo tu, subiri.

Mwanya nao usikusumbue. Meno ya mbele hutoka yameachana, na mara nyingi hujikaribisha yenyewe chonge za juu zikishatoka, kwenye miaka 11 au 12.

Magego ya kulia hayo ndiyo yasiyopenda kusubiri. Taya la juu ni vipande viwili vilivyoungana katikati ya kaakaa, na kwa mtoto wa miaka 8 kiungo hicho bado ni laini. Kifaa kina skrubu; mzazi anaizungusha kwa ufunguo mdogo, kila mzunguko kama robo milimita. Utaona mwanya wa mbele unapanuka, usiogope, ni dalili kwamba kiungo kimeachia. Baadaye kifaa huachwa kinywani miezi kadhaa ili mfupa ujaze nafasi. Akishapita miaka 15 au 16 kiungo kinakuwa kigumu, na wengine huishia kwenye upasuaji. Tena kidevu kinachohama kila anapouma kikiachwa miaka yote ya kukua, uso unaweza kukua upande.

Mwulize kila daktari swali moja: tukingoja miaka 4, ni kipi kitakuwa kigumu kurekebisha?

MamaPacha_Nai
Wangu mmoja alikuwa na taya la chini limetangulia, meno ya chini yanafunika ya juu. Tulianza akiwa na miaka 8: kifaa cha kupanua, pamoja na fremu ya usoni yenye mipira ya kuvuta taya la juu mbele, saa 14 kwa siku. Akitoka shule anavaa mpaka asubuhi. Daktari alitueleza wazi kwamba taya la chini linaweza kumkimbia tena akibalehe. Nilikubali. Baada ya mwaka anauma vizuri, na fizi ya jino la chini iliyokuwa inashuka imetulia.

KibibiWaPangani
Mwanangu, mwanya ni uzuri wake, usikimbilie kuuziba. Ila mwombe daktari eksrei, ahesabu meno yaliyo ndani. Mjukuu wangu alipokuwa mchanga alipata homa na kuhara, wakamkwangua fizi wakisema ni meno ya plastiki. Kumbe walitoa vichipukizi vya chonge. Leo ana miaka 11, chonge moja haikutoka kabisa na meno ya jirani yamelala upande. Mpaka leo naumia nikimtazama.

MamaSalha
Shikamoo bibi, na asanteni wote. Nimerudi kwa daktari wa pili na swali la Tabibu. Alimwambia binti afungue na kufunga mdomo polepole mara kadhaa, akaona kidevu kinavyohama. Mara ya kwanza alimtazama akiwa ameshauma tu. Amekubali tupanue sasa, mengine tuyaache mpaka 12. Eksrei imeonyesha chonge zote zipo. Baba yake pia amekubali. Jumatano anachukuliwa vipimo vya kifaa. MamaPacha, shule na chakula ilikuwaje? Na skrubu mlizungusha saa ngapi?

MamaPacha_Nai
Siku chache za kwanza mate mengi na "s" inateleza, msomeshe kwa sauti jioni, itarudi. Korosho, mahindi ya kuchoma na peremende za kunata weka kando. Sisi tulizungusha usiku akishapiga mswaki. Mlaze chali karibu na taa, na ufunguo ufunge uzi mrefu uushike mkononi, usije ukamdondokea kooni.